Kuku wa Kienyeji Sawa, Pombe ya Kienyeji Aibu?

Ingia mgahawa wowote wa mjini uulize bei ya kuku. Wa kienyeji yuko juu kuliko wa kisasa, na mteja analipa bila kununa, tena anajisifu kwamba leo kala kitu cha ukweli. Mayai ya kienyeji ni hivyohivyo: mwenye duka anayatenga pembeni, bei yake tofauti. Neno "kienyeji" likikaa kwenye kuku linapandisha hadhi. Sasa lihamishe neno hilohilo likae kwenye pombe. Ghafla watu wanakunja pua. Pombe ya kienyeji ni ya wazee, ya kijijini, ya walioshindwa maisha. Msomi hanywi hiyo. Msomi anakunywa bia.

Huu ni mwaka wangu wa tatu chuoni hapa, na kila bumu likiingia nasikia mjadala uleule vijiweni: Safari au Kilimanjaro? Serengeti au Tusker? Watu wanabishana kama Simba na Yanga. Mmoja atakwambia hii nzito, mwingine ile inalewesha haraka, wa tatu hagusi kitu kisichokuwa kwenye chupa ya kijani. Sina ugomvi na mijadala hiyo, naipenda. Ila nina jambo moja la kusema, na nalisema kama mtu anayeonja sana na kunywa kidogo: wengi wetu hatulinganishi bia, tunalinganisha lebo. Na kwa kuwa mbege haina lebo, tumeshaihukumu kabla haijafika mdomoni.

Naweka maslahi yangu mezani mapema. Mama yangu anapika mbege, Rombo, mkoani Kilimanjaro. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye pipa lile. Wahenga walishasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, kwa hiyo msinionee aibu: ipimeni hoja yenyewe.

Bia nne, watu watano

Muhula uliopita tulifanya jaribio geto. Tulinunua bia nne, chupa moja moja ya mililita 500: Safari, Kilimanjaro, Serengeti na Tusker. Mshkaji wetu mmoja alikuwa kwenye dozi ya malaria, hanywi, basi tukampa kazi ya kumimina. Alimimina akiwa nje mlangoni, kwenye majagi yaliyoandikwa herufi A mpaka D, sisi watano tukiwa ndani tumekaa mkao wa mtihani.

Tulijiwekea kanuni chache. Ya kwanza, bia isiwe ya baridi sana. Baa zetu zina swali moja tu, "Ya moto au ya baridi?", na wengi tunajibu "ya baridi, ile inayotoka jasho". Lakini baridi kali huuzubaisha ulimi na kuficha harufu. Ukitaka kujua unachokunywa, itoe kwenye friji mapema kidogo. Ya pili, tazama rangi na povu, kisha nusa kabla ya kunywa. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha inapita puani. Anayebisha akumbuke chakula kinavyokuwa siku ana mafua. Ya tatu, kati ya bia moja na nyingine kunywa maji na ule kipande cha mkate mkavu, ulimi usafike. Ya nne ndiyo muhimu zaidi: andika alama zako kwanza, ndo uongee. Vinginevyo mwenye sauti kubwa ndiye anayeonja kwa niaba ya wote.

Matokeo? Kati ya watano, aliyezitambua zote nne ni mmoja, na ni yule anayekunywa kwa nadra kuliko wote. Wawili walipata moja moja. Wawili waliobaki walitoka patupu. Kuna ndugu yetu anayeapa kwamba bia yake ataijua hata akiwa usingizini. Aliiweka nafasi ya tatu, na ya kwanza akampa ile anayoitukana siku zote. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ila ulimi wake hauna tatizo. Bia hizi ni ndugu. Zote nne ni lager, bia nyepesi ya rangi ya dhahabu ambayo asili yake ni mji wa Plzeň, katika nchi inayoitwa Cheki leo. Mwaka 1842 mpikaji kutoka Bavaria aitwaye Josef Groll alipika pale bia ya kimea cheupe cha shayiri, kwa chachu inayofanya kazi kwenye baridi, na bia ya namna hiyo ikasambaa dunia nzima. Hata neno lager ni la Kijerumani, linahusu kuweka ghalani, maana bia hiyo huhifadhiwa kwenye baridi kabla ya kunywewa. Kwa hiyo unapobishana na mwenzio Safari ipi na Serengeti ipi, mnabishana kuhusu watoto wa ukoo mmoja. Tofauti zipo, lakini ni ndogo: huku uchungu umezidi kidogo, kule utamu.

Tofauti iliyo wazi kabisa imeandikwa kwenye chupa na hakuna anayeisoma. Safari ina kilevi asilimia 5.5, Kilimanjaro asilimia 4.5. Piga hesabu: chupa ya mililita 500 ya Safari ina mililita 27.5 za kilevi chenyewe, ya Kilimanjaro ina 22.5. Maana yake Safari tano ni karibu sawa na Kilimanjaro sita. Kumbe ile "inalewesha haraka" haina uchawi wowote, ni hesabu ya darasa la sita. Na chupa ya kijani unayoiona ya kishua? Mwanga ukipita kwenye bia hubadilisha kemikali zilizotoka kwenye hopsi, yale maua yanayoleta uchungu, na bia ikaanza kunuka. Chupa ya kahawia huzuia mwanga huo vizuri kuliko ya kijani. Kwa hiyo kwenye suala la kulinda ladha, ile chupa ya kawaida ya baa ya uswahilini ndiyo yenye akili.

Angalia pia majina. Kilimanjaro, Serengeti, Safari, Ndovu, Balimi: yote ya kwetu. Mapishi ni ya Ulaya. Tusker ilipata jina lake kwa tembo aliyemuua George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda cha bia cha Kenya, mwaka 1923. Cha kuchekesha ni kwamba Kiswahili kilikuwa na tembo wake wa kunywewa zamani sana kabla ya huyo wa kwenye lebo: tembo la mnazi, ambalo mgema hulipandia mtini mpaka leo. Tembo wa lebo tunamlipia kwa fahari. Tembo la mgema tunalikumbuka kwenye methali tu, siku ya mtihani wa Kiswahili.

Likizo na nilichokionja

Likizo ndefu ya mwaka jana nilienda Bukoba kwa rafiki yangu, nikaonja lubisi kwa mara ya kwanza. Ni pombe ya ndizi. Ndizi zilizoiva zinawekwa kwenye chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi, zinakanyagwa pamoja na majani mpaka zinatoa juisi. Juisi inachujwa, inaongezwa maji na mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha inafunikwa ichachuke. Glasi ya kwanza niliikuta na harufu ya ndizi na moshi kwa mbali, utamu ukija mbele na ukali ukifuata nyuma. Hakuna bia ya baa yenye ladha inayokaribia hiyo. Nilipowasimulia watu hosteli, swali la kwanza lilikuwa: "Wanakanyaga kwa miguu?" Ndiyo, kwa miguu iliyooshwa. Zabibu za divai huko Ulaya nazo zilikanyagwa kwa miguu kwa karne nyingi, na picha zake zinatundikwa ukutani kwenye mahoteli makubwa. Miguu ya Mreno ni utamaduni, miguu ya Mhaya ni uchafu?

Kutoka hapo nikapitia Kigoma na kuvuka kwenda Bujumbura na mwenzangu mwenye ndugu kule. Bujumbura utaletewa Primus kwenye chupa kubwa ya sentilita 72, au Amstel, jina la Kiholanzi, lakini inapikwa palepale mjini na kiwanda cha Brarudi. Warundi wanaisemea Amstel yao kama sisi tunavyoisemea Kilimanjaro, na niliposema zinafanana na za kwetu nusura nifukuzwe mezani. Kesho yake mzee wa nyumba ile akatukalisha uani kuonja impeke, pombe ya mtama. Iko kwenye chungu kimoja, na kila mtu ana mrija wake. Ni nzito kidogo, ina uchachu wa uji uliolala. Mzee hakuuliza unakunywa bia gani. Aliuliza umetoka kwa nani. Ndani ya saa moja nilijua ukoo wote.

Baada ya safari ile ndipo nilipoitazama mbege ya mama kwa macho ya mtu anayelinganisha. Ulezi unalowekwa mpaka uchipue, unaanikwa juani, unasagwa. Hicho ndicho kimea, sawasawa na kimea cha shayiri cha kiwandani. Nafaka inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na chachu hula sukari hiyo ikatoa kilevi. Ndizi zilizoiva zinachemshwa mpaka zinageuka rangi, zinaachwa siku kadhaa, zinachujwa. Uji wa kimea unachanganywa humo. Na kuna msesewe, gamba la mti linaloleta uchungu. Kazi ya msesewe kwenye mbege ni kazi ya hopsi kwenye bia: kukata utamu usichoshe. Kimea, uchungu, chachu, muda. Hatua ni zilezile. Kilichotofautiana ni kwamba mpishi wa Plzeň ameingia kwenye vitabu vya historia, na mpishi wa Rombo anaitwa "mama pombe", tena kwa kejeli.

Na mbege ina jambo ambalo lager haina: tarehe. Lager imetengenezwa ifanane leo, kesho na mwezi ujao, Mwanza na Mtwara. Huo ni ufundi mkubwa, siubezi. Mbege inabadilika kila siku. Ikiwa changa ni tamu na nzito, kesho yake imekaa sawa, keshokutwa imekuwa kali na chachu. Mnywaji wa mbege lazima ajue kuonja, maana hakuna lebo ya kumwambia. Ndiyo maana ukimuuliza mzee wa Rombo mbege ya leo ikoje, atakueleza dakika tano. Muulize msomi wa chuo bia yake ikoje, atasema "fresh tu".

Hoja za wanaopinga

Kuna wanaosema pombe ya kienyeji ni chafu. Hoja hii ina ukweli ndani yake na siikwepi. Maji yasiyochemshwa, ndoo isiyofunikwa, kata moja kwa watu ishirini: hayo yapo, na yanaumwisha watu tumbo. Lakini huo ni uchafu wa chombo, hauna uhusiano na aina ya pombe. Chipsi za pale getini nazo zina siku zake, na bado hatujasema viazi ni aibu. Dawa ya uchafu ni maji safi na ukaguzi. Kwetu, mpishi humimina na kuonja mwenyewe kwanza mbele ya mteja kabla hajampa. Anakuhakikishia kwa tumbo lake. Sijawahi kumwona mhudumu wa baa akifanya hivyo.

Wengine wanachanganya mbege na gongo. Tafadhali tusichanganye. Gongo hupatikana kwa kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake. Ni kali, imekatazwa kisheria, na anayeitengeneza au kuichakachua hovyo anaweza kuua. Majirani zetu Kenya walizika watu wengi Mei 2014 kwa pombe iliyochanganywa na methanoli. Mbege na lubisi hazipiti njia hiyo, na sheria ya vileo ya mwaka 1968 inatambua pombe za kienyeji na kuziwekea utaratibu wa leseni. Na kama mtu anadhani kufungashwa kiwandani pekee kunatosha kuwa salama, akumbuke viroba. Vile vilikuwa na lebo, vilikuwa na nembo, na Serikali ilivipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017 kwa sababu ya madhara yake kwa vijana.

Hoja ya tatu ndiyo naiheshimu kuliko zote: kwamba ulevi unamaliza wanafunzi. Ni kweli. Tumeona wenzetu wakidisko, na chanzo hakikuwa ugumu wa somo. Lakini hebu rudi kwenye jaribio letu la geto. Chupa nne kwa watu watano ni mililita 400 kwa kila mtu, haifiki chupa moja, na ulichukua jioni nzima kwa maongezi. Anayeonja hunywa kidogo, kwa sababu anatafuta ladha, na ladha inaisha ulimi ukishalewa. Anayekunywa lebo hana pa kuishia, maana lebo ya kumi na ya kwanza zinaonekana sawa kwenye picha. Kama kweli tunaogopa ulevi, tufundishane kuonja.

Na kwa wenzangu ambao hamnywi kabisa, kwa dini au kwa uamuzi wenu, sijaribu kuwageuza. Hoja hii inawahusu bado, kwa sababu inahusu mama zetu. Najua zaidi ya mtu mmoja kwenye bweni langu ambaye mama yake anapika komoni, wanzuki au mbege, na kwenye fomu ya mkopo kazi ya mzazi ikaandikwa "mkulima". Siwalaumu. Ukishasikia kicheko cha darasa zima mara moja, unajifunza kunyamaza. Lakini kicheko hicho kinatoka kwa mtu ambaye hajawahi kuonja anachokicheka, na huo si usomi. Tunafundishwa hapa tusitoe hitimisho bila data. Data ya pombe iko kwenye kikombe.

Pendekezo kwa serikali yetu ya wanafunzi

Siku ya utamaduni tunacheza ngoma za kila mkoa, tunavaa lubega, tunapika ndizi na mtori, tunapiga picha. Vinywaji vyetu tu ndivyo vinavyobaki nyumbani kama ndugu mwenye kashfa. Mwaka huu tuweke meza yake.

Upande mmoja iwepo togwa, ambayo mtu yeyote anaweza kunywa, na ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wameshaichunguza kisayansi, ishara kwamba vyakula vyetu vya kuchachua ni somo la maabara kama mengine. Upande wa pili, kwa kibali cha uongozi na kwa waliofikisha miaka 18 tu, ziwepo mbege na lubisi kwenye vikombe vidogo vya kuonjea, vyombo vimeoshwa, maji yamechemshwa. Msimu ukiruhusu, watu wa Njombe na Iringa walete ulanzi, ingawa huo unagemwa kwenye mianzi na haupikwi. Wenzetu wa sayansi waje na kile kipimo cha kioo kinachoelea, wapime kila pombe kabla na baada ya kuchachuka, waandike kilevi chake kwenye karatasi na kuibandika mbele ya chombo. Hapo mbege itakuwa na lebo kwa mara ya kwanza, lebo tuliyoiandika wenyewe. Na bia za chupa ziwepo pia, kwenye majagi yasiyo na jina, tuone nani ataitambua yake.

Anayeonja akasema mbege haimfai, nitampa mkono. Ladha ni ya mtu, na mama yangu mwenyewe anapendelea chai. Ninachokiomba ni utaratibu ule wa geto: kikombe kwanza, alama kwenye karatasi, halafu maneno. Kamati ya utamaduni ikikubali, pipa kutoka Rombo nalileta mimi, na nauli ya basi nimeshaanza kuweka pembeni. Wa Bukoba nasubiri jibu lenu.